Kinachoshikilia Daraja

Paa la daraja la mbao halikuwekwa kwa ajili ya msafiri. Wengi wanaotazama picha za madaraja yaliyoezekwa ya Marekani na Uswisi, yale mekundu yanayopamba kalenda, hudhani kwamba wajenzi walimhurumia mvukaji wakamkinga mvua na theluji. Wengine husema waliokingwa ni farasi, wasione maji wakaingiwa na hofu. Sababu yenyewe ni ya kiseremala. Mhimili wa mbao ukinyeshewa na kuchomwa na jua mwaka baada ya mwaka huoza kwenye maungio, pale mbao mbili zinapokutana na maji yakapata mahali pa kutuama. Daraja la namna hiyo likiachwa wazi hudumu miaka kumi, pengine ishirini; likiezekwa, laweza kupita karne nzima. Paa hupokea mvua, huchakaa, hubandikwa vigae vipya vya mbao kwa gharama ndogo, na kiunzi cha bei kubwa kilicho chini yake hubaki kikavu. Hivyo ndivyo alivyotetea hakimu Richard Peters huko Philadelphia, wakati wa daraja la mto Schuylkill alilolijenga Timothy Palmer, likafunguliwa 1805 na kuhesabiwa kuwa la kwanza kuezekwa nchini Marekani. Kwa hiyo mpiga picha anayesimama ng'amboni akalinasa paa hilo kwa uzuri wake amenasa utunzaji bila kujua. Na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia: picha ya daraja kuukuu inapaswa kuonyesha kitu kinacholifanya daraja lisimame hadi leo. Picha inayoonyesha umbo peke yake imechukua nusu ya jambo, tena nusu iliyo rahisi.

Huenda msomaji akashangaa kwamba maneno haya yanaandikwa kutoka Eldoret, mji usio na daraja hata moja la aina hiyo. Ni kweli, kaunti ya Uasin Gishu haina. Ina mto Sosiani unaopita katikati ya Eldoret, mji ambao jina lake huhusishwa na neno la Kimaasai la mto wenye mawe. Ina reli iliyofika hapa 1924. Na upande wa mashariki nchi inakatika ghafla kuteremka katika bonde la Kerio, ambako watu wamekuwa wakivusha maji juu ya makorongo kabla ya reli kufikiriwa. Swali linaloulizwa na lile paa la Philadelphia linafaa huku pia. Daraja hili linakingwa na nini? Ni nani anayelitunza, na kwa mkono gani? Mpiga picha akienda na maswali hayo atasimama mahali tofauti kabisa na pale anaposimama mtu aliyefuata mandhari.

Waswahili wanalo daraja lao lililoezekwa, na linaitwa wikio. Katika mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, vichochoro ni vyembamba kiasi cha punda wawili wenye mizigo kupishana kwa taabu. Mtu akitembea humo hupita mara kwa mara chini ya kivuli cha chumba kilichojengwa juu ya njia, kikiegemea ukuta wa nyumba ya kushoto na ukuta wa nyumba ya kulia, sakafu yake ikiwa juu ya boriti za mikoko zilizopangwa sambamba na kufunikwa kwa matumbawe na chokaa. Chumba hicho ni wikio. Kwa nje hakina fahari yoyote. Ni ukuta mweupe uliofumwa juu ya kichochoro. Kazi yake huonekana ukijua nyumba mbili zinazounganishwa ni za akina nani. Mara nyingi ni za ukoo mmoja: binti aliyeolewa amejengewa karibu na wazazi, au ndugu wamegawana kiwanja, na wanawake wa nyumba hizo hutembeleana, hubebeana chakula na kwenda kumjulia hali mzazi aliyejifungua bila kushuka njiani. Hapa kifuniko kinamkinga mvukaji, kinyume cha paa la Philadelphia linalokinga daraja lenyewe. Na kinachokishikilia chumba hicho kisianguke ni udugu, kama vile boriti zinavyokishikilia. Nyumba moja ikiuzwa kwa mgeni, mlango wa wikio huzibwa, chumba hubaki stoo, na boriti zilizokuwa zikikaguliwa na pande mbili hubaki bila mwenyewe. Picha iliyopigwa kutoka kichochoroni, kama zile zinazouzwa kwenye kadi za posta, haiwezi kusema neno lolote kuhusu hayo. Inaonyesha kivuli kizuri na punda anayepita.

Zanzibar inatupa ushahidi wa wazi zaidi wa upungufu huo. Emily Ruete, aliyezaliwa Sayyida Salme binti Said, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na ndani yake anaeleza jinsi majumba ya Beit il Sahel na Beit il Tani yalivyounganishwa kwa daraja lililopita hewani juu ya hamamu. Kutokana na maneno yake tunajua maisha ya waliokuwa wakilivuka. Miaka kumi baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilipiga majumba ya kifalme kwa muda usiofika saa moja, na sehemu kubwa ya majumba hayo ikatoweka. Picha za zamani za majumba hayo zipo, na ni nzuri, lakini nyingi zilipigwa kutoka upande wa bahari, mahali anaposimama mtu anayewasili kwa meli. Kwa picha hizo peke yake tungebaki na foleni ya kuta nyeupe. Binti wa nyumba aliyeandika ndiye aliyetupa daraja.

Hapo linazuka pingamizi ambalo siwezi kulipita juujuu. Kama wikio lilijengwa kwa ajili ya stara, je, mpiga picha anayetaka kuonyesha undani wake hafanyi jambo lilelile ambalo ukuta ulijengwa kulizuia? Nakubali uzito wa pingamizi hilo, na naona linairekebisha hoja yangu bila kuivunja. Kuonyesha kinachoshikilia daraja hakuhitaji kumwonyesha anayelivuka. Sakafu ya boriti huonekana kutoka chini, njiani, bila kuingia kwa mtu. Upana wa chumba hupimwa kwa futi kamba. Historia ya nyumba mbili husimuliwa na wenyewe, wakipenda, na huandikwa bila sura ya yeyote. Mpiga picha aliyekaribishwa ndani atapiga kukiwa kutupu. Kuna mambo ambayo mchoro wa penseli unayahifadhi kwa adabu kuliko lenzi, na fundi mzuri wa picha hujua wakati wa kuiweka kamera mfukoni. Nitakayemlaumu ni yule anayejibanza kichochoroni akisubiri buibui lipite ili picha yake ipate uhai. Huyo amechukua stara ya watu na bado hajalifahamu daraja.

Sasa nirudi karibu na nyumbani, maana mfano ninaouona kuwa na nguvu kuliko yote uko mwendo wa saa chache kutoka Eldoret. Chini ya mteremko wa Elgeyo na Marakwet, watu wa bonde la Kerio wameteka maji ya mito kama Arror na Embobut kwa mifereji inayokumbatia majabali na kushuka hadi mashambani. Mifereji hiyo ni kazi ya vizazi vingi, yenye umri wa mamia ya miaka. Panapo udongo huchimbwa. Panapo mwamba mtupu, maji hubebwa juu ya jukwaa la magogo, mawe, matawi na udongo ulioshindiliwa. Na panapo korongo huvushwa kwa magogo yaliyochongwa yakawa kama mtumbwi mrefu usio na ncha. Ni madaraja kamili, ila mvukaji wake ni maji. Na ni mbao zilizo wazi juani, zenye maji ndani usiku na mchana, yaani hali mbaya kuliko zote kwa mti. Kwa hesabu ya yule hakimu wa Philadelphia zilistahili kuwa zimekwisha zamani. Hazikwisha kwa kuwa zina paa la aina nyingine: zamu ya ukoo. Kila mfereji una wenyewe, maji hugawanywa kwa zamu zinazojulikana, na mafuriko yakibomoa kizuizi au gogo likioza, wanaume wa ukoo huitwa kwenda kutengeneza, na asiyekwenda bila sababu hutozwa. Gogo linabadilishwa; mfereji unabaki.

Mfano huo unabana sana desturi ya kupiga picha vitu vya kale, kwa sababu kule Kerio hakuna kipande unachoweza kukielekezea lenzi ukasema hiki ndicho cha kale. Gogo la leo lilikatwa jana. Saruji na mabomba ya plastiki vimeingia sehemu nyingine. Mtu anayesaka ukongwe wa mbao atarudi na picha ya mti mbichi, asijue aandike nini chini yake. Kitu cha kale pale ni kazi: jinsi wanaume wanavyoliteremsha gogo kwa kamba, jinsi kizuizi kinavyowekwa kwa majani na udongo, jinsi mzee anavyosimama kwenye mgawanyo wa maji. Picha moja haitoshi. Unahitaji mfululizo wa siku nzima ya ukarabati, na majina ya mito na koo yaliyoandikwa kwa tahajia ya wenyewe. Nikiulizwa ni wapi mpiga picha kijana wa Eldoret aende kwanza, nitasema aende huko, kwa ruhusa ya wazee, wakati wa matengenezo.

Kisha aje relini. Njia ya reli ya Uasin Gishu, iliyotoka Nakuru ikapanda kupitia Maji Mazuri hadi kilele cha karibu mita 2,785 jirani na Timboroa, kisha ikateremka kuja Eldoret na kuendelea Turbo kuelekea Uganda, inapita juu ya mabonde na vijito vingi. Madaraja yake ni ya chuma na mawe na zege, hayahitaji vigae. Lakini chuma nacho kina paa lake, na paa hilo ni rangi. Rangi ikichubuka, kutu huanza kwenye vichwa vya ribiti na mahali ambapo vumbi na kinyesi cha ndege vimekusanya unyevu. Mfereji wa maji pembeni ukiziba, mvua hutafuna udongo nyuma ya ukuta unaobeba mwisho wa mhimili. Waliokuwa wakizuia hayo ni watu wa magenge ya reli. Kila genge lilikuwa na sehemu yake ya njia na nyapara wake, likikaa landhi, yaani nyumba za wafanyakazi, kando ya reli, likizibua mifereji, likikaza bolti, likishindilia kokoto chini ya mataruma, likifyeka majani yasije yakashika moto. Ukipita leo kando ya njia hiyo utaona baadhi ya landhi zikiwa maganjo, milango imeng'olewa. Nasema kwa uzito kwamba landhi hizo ni sehemu ya madaraja. Picha ya daraja la reli isiyokuwa na landhi iliyo karibu nayo ni kama picha ya shamba isiyokuwa na mkulima. Na mpiga picha akitaka kujua hali ya daraja lenyewe, ashuke chini yake: kwenye viti vya mihimili, kwenye ufa wa ukuta, kwenye kibati cha kiwanda ambacho mara nyingi hubeba mwaka. Ubavu wa daraja huvutia jioni jua likiwa chini, nami sidharau uzuri huo. Lakini ubavu hauna habari.

Mhandisi atanijibu kwamba picha haizuii kutu, na kwamba shilingi moja ya rangi ina faida kuliko albamu nzima. Kuhusu kutu ana haki. Lakini asisahau kilichotokea kwa madaraja mengine yalipoanguka. Tarehe 28 Agosti 2011 mafuriko ya tufani Irene yaling'oa daraja la kuezekwa la Bartonsville, Vermont, lililojengwa 1870, na wakazi walilirekodi kwa video likiteremka mtoni. Kufikia 2013 lilikuwa limejengwa tena kwa mtindo uleule wa mbao zilizokingamana. Daraja la kanisani la Luzern, Uswisi, lenye asili ya karne ya 14, liliungua usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1993, na mwaka uliofuata watu walikuwa wakilivuka tena. Haraka hiyo haikuja kwa bahati. Vitu hivyo vilikuwa vimejulikana kwa undani kabla ya msiba. Marekani ilianzisha mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kazi ya kuandikisha majengo ya kale, ikawaajiri wasanifu waliokosa kazi. Kila jengo lilitakiwa kuwa na michoro yenye vipimo, picha na historia iliyoandikwa, na vyote vikawekwa katika Maktaba ya Bunge. Angalia kwamba picha ni moja kati ya vitu vitatu. Hata hivyo kuna kilichopotea Luzern kisirudi: sehemu kubwa ya michoro ya rangi ya karne ya 17 iliyokuwa chini ya paa. Kiunzi kilijengwa upya, mkono wa mchoraji haukujengeka. Kwa hiyo sidai kwamba picha inaokoa kila kitu. Nadai kwamba picha iliyopigwa kwa nia ya kujua humpa mhandisi wa kesho mahali pa kuanzia, na ile iliyopigwa kwa nia ya kupendeza haimpi.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, nalo ni la historia. Kwa nini tutunze kumbukumbu za madaraja ya wakoloni? Reli ya Uasin Gishu iliwekwa ili mahindi na ngano ya walowezi ifike bandarini, juu ya ardhi ambayo wenyeji walikuwa wamenyang'anywa. Sina haja ya kulipunguza hilo. Lakini tazama kilichotokea pale kumbukumbu ilipoachiwa upande mmoja. Daraja la Tsavo la 1898 linajulikana duniani kwa sababu msimamizi wake, Patterson, alichapisha kitabu mwaka 1907 chenye picha zake mwenyewe, na dunia ikakumbuka simba wala watu na aliyewaua. Wahindi takriban 32,000 walioletwa kwa mkataba kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, karibu 2,500 kati yao wakafia kazini, wamebaki idadi. Kukataa kupiga picha madaraja hayo leo hakumwadhibu Patterson wala mlowezi. Kunawafuta mara ya pili waliobeba mawe. Chini ya daraja ndiko kwenye alama za patasi, ndiko kwenye mkono wa mtu ambaye hakuwahi kusimamishwa mbele ya kamera. Mzee aliyewahi kuwa mtu wa genge au mtoto wa landhi anajua majina ambayo hayamo katika kitabu chochote, na maneno yake yanastahili kukaa pamoja na picha katika faili moja, iwe kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa 1971, au kwenye maktaba ya Eldoret yenyewe, ambayo tangu Agosti 2024 ni jiji na haina budi kuwa na kumbukumbu za kijiji chake cha zamani, kile kilichoitwa Sisibo kwa namba 64 ya shamba.

Atakayesema kwamba siku hizi kila mtu ana simu, na madaraja yote yamekwisha kupigwa picha mara elfu, nitamwomba atazame picha hizo. Nyingi ni za watu waliosimama mbele ya daraja. Hazina tarehe, mahali, wala kipimo, na simu ikiibiwa zimekwenda. Idadi ya picha haijawahi kuwa kumbukumbu. Kumbukumbu huhitaji picha ya jumla kutoka pande zote mbili za mto, picha ya kila nguzo, picha ya chini ukiwa umeegemeza fito yenye alama za mita ili ukubwa usomeke, picha ya rangi inayobanduka na ya mfereji ulioziba, kisha karatasi yenye jina la mto, mwezi, mwaka na jina la aliyesimulia. Huhitaji pia kibali. Reli ni mali yenye ulinzi, na wakuu wetu wengi bado wanamshuku mtu mwenye kamera karibu na daraja. Barua ya shule au ya chama cha historia, iliyopelekwa mapema, huondoa ugomvi na humlinda mpiga picha asigongwe na gari moshi ambalo hakujua ratiba yake. Na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa. Ombi la namna hiyo lenye picha za kina na historia iliyoandikwa lina miguu. Lenye picha moja ya machweo halina.

Shule za sekondari kuanzia Timboroa hadi Turbo zina wanafunzi wenye simu, walimu wa historia na daraja lisilokuwa mbali. Waanze na moja. Mvua za nyanda hizi huanza Machi na kuendelea miezi mingi, maji yakafunika misingi na majani yakaficha kuta. Kazi ya chini ya daraja hufanywa Januari na Februari, mto ukiwa umepungua na nguzo ziko wazi hadi mawe ya mwisho.